Anayeruka juu kuliko wote, goti lake ndilo naangalia kwanza

Nikiitwa kuangalia timu ya voliboli, iwe ya klabu ama ya shule, kocha hunionyesha wale wanaochechemea. Hao nitawaona, sawa. Lakini macho yangu huenda kwanza kwa yule mshambuliaji anayepaa hadi kiwiko kinapita wavu, yule wa kushangiliwa na benchi yote, maana goti lake ndilo linaniogopesha hata kama leo hasikii chochote.

Mimi ni fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo), na swali naulizwa sana na makocha ni mbona huyu anaumia kila msimu na mwenzake yuko sawa, na mazoezi wanafanya pamoja. Watu hudhani ni bahati mbaya, ama kuna mtu ana mkono wake ndani. Mara nyingi majibu yako kwa mwili wenyewe, na ukijua pa kuangalia utayaona kabla mtu hajaumia.

Hebu tuanze na hilo goti. Chini ya pia ya goti kuna kano inayoshikilia mfupa wa muundi, na ndiyo inabeba kazi ukiruka na zaidi ukitua. Mwaka 2005 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya wanamichezo wa kiwango cha juu wa michezo tofauti, na wanaume wa voliboli ndio walikuwa wanaongoza kwa maumivu ya hiyo kano, kama 45 hivi kwa kila 100, mpira wa kikapu ukifuata nyuma, halafu waendesha baiskeli hakuna hata mmoja. Sasa cha kushangaza ni kwamba tafiti zingine za hao hao watu wa Norway zimeonyesha wanaoathirika zaidi ni wale wanaoruka vizuri! Ukifikiria inaingia akilini, anayeruka juu anatua kutoka juu, na tena seta, yule anayegawa mipira, akiwa na presha mipira yote anampa yeye, kwa hivyo mechi ikiisha ameruka mara nyingi kuliko wenzake na kila mruko ulikuwa mzito zaidi.

Halafu kuna hii tabia ya shule zetu. Likizo mtoto amekaa nyumbani, shule zinafunguliwa, michezo ya temu ya pili iko karibu, basi ni mazoezi asubuhi na jioni kila siku mpaka timu itoke kaunti ndogo. Kano haizoei mzigo haraka kama misuli. Misuli itapata nguvu wiki chache, mtoto atajisikia ako fiti kabisa, lakini kano bado iko nyuma na hapo ndipo inaanza kuuma, mwanzo ikiwa baridi tu, ikipata joto inanyamaza, na mchezaji anadhani imepona. Uwanja nao unachangia, ukicheza kwa simiti ni shida kuliko mbao, na kwa mchanga haya maumivu huwa machache. Wakati Gaudencia Makokha na Brackcides Agala walituwakilisha Wakenya Olimpiki ya Tokyo kwa voliboli ya ufuoni wengi walikuwa wanahurumia miguu yao kwa vile kuruka kwa mchanga ni kazi, lakini kwa upande wa kutua mchanga ni rafiki wa goti.

Kwa wale wadogo ambao bado wanakua, uvimbe mgumu hapo chini ya goti kwenye muundi ni kitu tofauti kidogo, ni mfupa unaokua unavutwa na kano. Kwa kawaida hauhitaji kupasuliwa, unahitaji kupunguziwa kuruka mpaka maumivu yatulie.

Sasa kifundo cha mguu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo tunazembea sana. Kuteguka kifundo ndiyo ajali ya kawaida zaidi ya voliboli na mara nyingi inatokea chini ya wavu: wewe umeruka kubloku, mshambuliaji wa upande ule amepiga akatua na mguu wake umevuka mstari wa katikati, unashuka unakanyaga kiatu chake, mguu unakunjika kwa ndani. Sheria inamruhusu kuvuka mradi sehemu ya mguu iwe bado kwa mstari ama juu yake, kwa hivyo mara nyingi hata refa hana la kusema. Lakini ukiuliza ni nani atateguka, jibu ni rahisi kuliko unavyofikiria. Ni yule aliyeteguka tayari, hasa ndani ya miezi kama 6 hivi iliyopita. Kuliko urefu, kuliko kilo, hiyo historia ndiyo inakuambia mengi.

Na kwetu mtu akiteguka nini hufanyika? Anakandwa na maji moto yenye chumvi siku ile ile (tafadhali wacheni, uvimbe unazidi), kuna mtu anajitolea kuvuta mguu, wiki mbili baadaye anatembea bila kuchechemea, basi amerudi uwanjani. Uvimbe umeenda lakini ile akili ya mguu, uwezo wa misuli kushtuka haraka kifundo kikianza kulala, haijarudi. Norway huko miaka ya 1990 walifundisha wachezaji kuruka na kutua vizuri karibu na wavu, pamoja na mazoezi ya balansi, na kuteguka kukapungua karibu nusu. Waholanzi nao mwaka 2004 wakaona ubao wa balansi, ule unaoyumba ukisimama juu yake, unasaidia, ila hasa kwa wale waliowahi kuteguka, na wale wenye historia ya goti ubao ukaonekana kama unawaongezea shida ya goti. Ndio maana mimi sipendi programu moja ya timu nzima. Kama ubao hakuna, simama mguu mmoja na mwenzako akurushie mpira upokee, na msimu huo vaa breisi ya kifundo, si dalili ya udhaifu.

Kitu kingine ambacho wengi hawaunganishi: kifundo kigumu kinaumiza goti. Ukitua, kifundo kinatakiwa kukunja ili kimeze ule mshindo, kisipokunja mzigo unapanda kwa goti, na wachezaji wa voliboli wenye vifundo vigumu wamepatikana na hayo maumivu ya kano zaidi. Jipime kwa ukuta, kidole gumba kiwe sentimita 10 kutoka ukutani, kisigino kisiinuke, goti liguse ukuta. Kama mguu mmoja unafika na mwingine haufiki, muulize mchezaji mwenyewe, utasikia "ah, huu niliteguka kitambo."

Kwa wasichana naongeza jicho moja, magoti kuingia ndani wakati wa kutua, maana hapo ndipo ligamenti ya katikati ya goti hukatika. Anayetumia mkono wa kulia mara nyingi anatua na mguu wa kushoto pekee, hasa mpira wa seta ukiwa umepita nyuma yake. Mchukue video kwa simu, polepole, utaona yote.

Bega nitalisema kwa ufupi ingawa linastahili posti yake. Mkono wa kupiga ukizidi kuwa mgumu kujizungusha kwa ndani kuliko ule mwingine, ama misuli ya nyuma ya bega ikiachwa nyuma na ile ya mbele, maumivu yako njiani. Lakini kuna ya kimya: neva inayopita nyuma ya bega inaweza kubanwa na misuli ikaanza kunyauka bila maumivu yoyote. Mvue mchezaji jezi umwangalie kwa mgongo, ukiona shimo nyuma ya bega la kupigia na upande wa pili hakuna, usimwongezee vyuma vya kunyanyua, mpeleke hiyo neva ipimwe.