Kabla redio ya babu haijapanda guta

Wengi wanaoingia Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert jijini Dar es Salaam, huulizia kwanza fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Wana haki. Lakini fuvu hilo lilistahimili ardhini takriban miaka milioni 1.75. Redio ya babu huko Magomeni haimalizi wiki, mnunuzi wa vyuma chakavu akipita na guta lake, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ililenga hasa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Vya juzijuzi vinawategemea wenye nyumba.

Chukua redio ya betri iliyotumika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mfuniko wa nyuma umepotea, betri zimeshikizwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na ndani pana ukoko ulioachwa na betri zilizovuja. Nyumbani huo ni uchafu. Kwetu wahifadhi ni ushahidi. Baada ya Vita vya Kagera bidhaa ziliadimika, watu wakapanga foleni kwenye maduka ya kaya yaliyouza bidhaa kwa mgao, na betri zilizochoka zilianikwa juani ili taarifa ya habari ya Redio Tanzania isikike japo jioni moja zaidi. Fundi akiweka mfuniko mpya na kuing'arisha, hayo yote yameondoka.

Kwa hiyo toa betri, pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Kanga za zamani zivingirishe, maana uzi hukatika kwenye mkunjo ule ule wa miaka yote. Kaseti zikae mbali na spika. Kabati lisigusane na ukuta. Unyevu wa Dar hausamehe.

Ninachokigombania zaidi ni maelezo. Baada ya msiba tunaletewa sanduku zima la kanga, na hakuna anayejua ipi ilivaliwa harusini na ipi ilitolewa kwenye kampeni. Muulize bibi leo, ukimrekodi kwa simu: nani alinunua, duka gani, mwaka gani. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli laini, kwa sababu wino hupenya.

Stoo yetu ina mwisho, hatupokei kila kitu. Lakini kati ya redio mbili zinazofanana, tutachukua mbovu yenye maelezo, tuiache nzima isiyo nayo.