Wi-Fi kujaa si dalili kwamba intaneti ipo

Wengi huamini kwamba alama ya Wi-Fi ikijaa kwenye simu, intaneti ipo, na kama kurasa hazifunguki basi simu ndiyo mbovu. Sivyo. Alama ile hupima nguvu ya mawimbi kati ya simu na ruta tu, yaani kile kifaa kinachorusha Wi-Fi. Ruta iliyokatikiwa mtandao wa nje bado hurusha Wi-Fi kama kawaida, hata bando likiwa limeisha.

Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na simu, zitazame taa za ruta. Kwenye kifaa cha faiba, yaani waya unaoleta intaneti kwa mwanga, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka au kumetameta nyekundu, mwanga haufiki kutoka kwa mtoa huduma: huenda waya umekatika, umekunjwa mno au umechomoka. Kama haujachomoka hapo nyumbani, uzime na kuwasha mara ngapi haitasaidia. Wapigie huduma kwa wateja. Taa zikiwa sawa, chomoa ruta kwenye umeme, subiri nusu dakika, rudisha.

Kile kitundu cha ruta cha kubonyeza kwa pini kiache. Ukikishikilia kinafuta mipangilio yote, pamoja na nywila uliyoweka na pengine akaunti ya mtoa huduma, na hapo utamhitaji fundi.