Je, wajua kwa nini nyoka humtisha mtu kuliko gari?

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka. Nyoka, kwa hesabu za shirika hilohilo, huua kati ya 81,000 na 138,000. Lakini kijana wa mjini ambaye hajawahi kumwona nyoka ila kwenye televisheni ataruka akikanyaga mpira wa maji gizani, na muda mfupi baadaye atavuka barabara kuu macho yakiwa kwenye simu. Kama woga ungefuata ukubwa wa hatari, honi ndiyo ingetutetemesha.

Wengi hujibu kwamba hofu ya nyoka tunazaliwa nayo. Jibu hilo si sahihi, na tofauti yake na jibu sahihi ni kubwa.

Katika miaka ya 1980, Susan Mineka na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliwachunguza kima wa Asia aina ya resusi. Waliokulia porini walimwogopa nyoka kupita kiasi: chakula kikiwekwa nyuma ya nyoka, hawakuthubutu kunyoosha mkono. Waliozaliwa na kulelewa maabara walipitisha mkono juu ya nyoka yuleyule na kuchukua chakula chao. Ni kima wa aina moja, na baadhi yao walikuwa wazazi na watoto, lakini watoto hawakuwa na hofu ya wazazi. Kisha vijana hao wa maabara wakawekwa mahali pa kuwatazama wazazi wao wakihamanika mbele ya nyoka. Watano kati ya sita wakawa waoga, na miezi mitatu baadaye hofu ilikuwa palepale.

Mtu makini atauliza: je, kima hujifunza kuogopa chochote anachoona mwenzake anakiogopa? Mineka na Michael Cook walilijibu swali hilo mwaka 1989 kwa jaribio ambalo naliona bora kuliko yote katika somo hili. Walichukua video ya kima aliyejaa hofu, wakaikata na kuiunga upya ili ionekane anaogopa vitu mbalimbali: nyoka wa bandia, mamba wa bandia, maua, sungura wa bandia. Hofu iliyoonyeshwa ilikuwa ileile. Kima waliotazama walijifunza kumwogopa nyoka na mamba. Maua na sungura hawakuyaogopa.

Kinachorithiwa, basi, si hofu yenyewe. Ni wepesi wa kujifunza hofu fulani kuliko nyingine, wazo ambalo mwanasaikolojia Martin Seligman alikuwa amelieleza mwaka 1971. Jeni zimeshalima shamba. Mbegu huja na yale mtoto anayoyaona usoni mwa mama, baba na wenzake.

Shamba hilo lililimwaje? Hapa mageuzi hufanya kazi kwa hesabu ya hasara. Anayedhani kijiti ni nyoka hupoteza mruko mmoja na mapigo machache ya moyo. Anayedhani nyoka ni kijiti anaweza kupoteza maisha, pamoja na watoto ambao angezaa baadaye. Kwa vizazi vingi, wenye macho na ubongo uliokosea upande wa tahadhari waliacha uzao mwingi zaidi. Wahenga wanaosema aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka walimzungumzia mtu aliyekwisha kuumwa. Mageuzi yamewapa wasioumwa kipande cha mshtuko huo. Jamii ya kima, ambayo binadamu ametokana nayo, imeishi na nyoka kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Gari la Karl Benz lilipata hataza mwaka 1886. Vizazi vitano au sita havitoshi kuujenga upya ubongo.

Alama za historia hiyo zinaonekana wazi. Mwaka 2013, watafiti nchini Japani walipima seli za pulvina, sehemu iliyo katikati ya ubongo ambayo husaidia kuelekeza macho, kwa kima ambao hawakuwa wamewahi kuona nyoka. Seli nyingi ziliitikia picha za nyoka kwa nguvu na haraka kuliko picha za nyuso, mikono au maumbo ya kawaida. Vanessa LoBue na Judy DeLoache walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miaka mitatu hadi mitano humtafuta nyoka mmoja kati ya maua manane na kumpata upesi kuliko wanavyolipata ua moja kati ya nyoka wanane. Hata watoto wa miezi sita, katika utafiti wa Stefanie Hoehl na wenzake wa mwaka 2017, mboni zao zilipanuka zaidi kwa nyoka kuliko kwa samaki wa ukubwa na rangi hiyohiyo. Mboni kupanuka si kilio. Ni mwili kujiweka tayari, kabla mtoto hajajua ni kwa ajili ya nini.

Mfano mwingine uko Amboseli, Kenya. Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walieleza mwaka 1980 kwamba tumbili wa huko wana milio tofauti ya tahadhari. Wakisikia wa chui hukimbilia mtini. Wa tai, hutazama juu au hujificha kichakani. Wa chatu, husimama kwa miguu ya nyuma na kukagua nyasi. Watafiti waliicheza milio hiyo kwa spika zilizofichwa, bila adui yeyote kuwapo, na tumbili wakafanya vilevile. Watoto wa tumbili hukosea, ila makosa yao yana mpaka: mlio wa tai huutoa kwa ndege hata wasio na madhara, mlio wa nyoka kwa vitu virefu vinavyofanana na nyoka. Wakubwa ndio wanaowanoa kadiri wanavyokua.

Binadamu nao hawalingani. Uchunguzi wa mapacha uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba jeni zinaeleza kama asilimia 35 hadi 45 ya tofauti za watu katika kujifunza hofu maabarani. Takwimu hii husomwa vibaya karibu kila mara. Haina maana kwamba asilimia 40 ya woga wako umetoka kwa wazazi. Inahusu tofauti kati ya watu wa kundi lile, katika mazingira yale. Kundi lingine huweza kutoa namba nyingine. Tena hakuna jeni moja ya hofu ya nyoka. Ni jeni nyingi, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo sana.

Kwa kuwa hofu hufunzwa, huweza pia kuzuiwa. Mineka na Cook waliwaonyesha kima wengine kwanza mwenzao aliyetulia mbele ya nyoka, mara kadhaa. Baadaye walipotazama kima mwoga, wengi wao hawakuambukizwa. Mzazi anayetaka kumfunza mtoto tahadhari bila kumwachia hofu ya maisha afanye vivyo hivyo: amwonyeshe nyoka kitabuni au nyuma ya kioo kwa sauti ya kawaida, aeleze wa kuepukwa na namna ya kurudi nyuma polepole, kabla ya siku ya kelele.

Kwa mtu mzima ambaye hofu inamzuia kulima au kusafiri, Lars-Göran Öst wa Sweden aliandika mwaka 1989 juu ya tiba ya kikao kimoja kisichozidi saa tatu. Nyoka asiye na sumu huwekwa ndani ya sanduku la kioo upande wa pili wa chumba. Mgonjwa hutaja hofu yake kati ya 0 na 100, hubaki pale alipo mpaka ipungue kama nusu, ndipo asogee hatua. Mtaalamu hutangulia kila jambo: kusogea, kugusa, kushika. Hakuna linalofanywa bila mgonjwa kukubali. Kinachoharibu tiba mara nyingi ni kukimbia hofu ikiwa kileleni, kwa sababu ubongo hujifunza kwamba kukimbia ndiko kulikoleta nafuu, na safari ijayo hofu huanza juu zaidi. Kosa la pili ni kufanya mazoezi chumba kimoja tu: hofu iliyotulia kliniki hurudi ikikutana na nyasi, kwa hiyo mazoezi hurudiwa mahali tofauti katika wiki zinazofuata.