Momenta, impalsi na mkanda wa matatu

Momenta ni kiasi cha mwendo kilichomo katika kitu, nayo hupatikana kwa kuzidisha tungamo (kiasi cha maada) la kitu hicho kwa kasi yake katika mwelekeo fulani. Matatu yenye kilo 3,000 pamoja na abiria, ikienda mita 15 kwa sekunde kwenye Barabara ya Thika, yaani kilomita 54 kwa saa, ina momenta ya 45,000 (kilo mara mita kwa sekunde), ilhali gari dogo la kilo 1,000 linaloandamana nayo kwa kasi hiyohiyo lina 15,000 tu.

Kila abiria naye ana momenta yake. Mwenye kilo 60 ndani ya matatu hiyo ana 900, na gari likigonga kitu likasimama, hizo 900 sharti ziishe zote, awe amefunga mkanda au hakufunga. Kinachoziondoa ni impalsi, yaani kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) ikizidishwa kwa muda inaotenda. Tuseme asiyefunga mkanda amerushwa mbele hadi kwenye chuma cha kiti, akasimamishwa kwa sekunde 0.03: mwili wake umepokea wastani wa kani ya nyutoni (kipimo cha kani) 30,000, karibu sawa na uzito wa matatu yenyewe. Aliyefungwa na mkanda husimama pamoja na gari, bodi ikiendelea kukunjika na mkanda wenyewe ukivutika kidogo. Muda ukifika sekunde 0.15, kani hushuka hadi 6,000. Bado ni kubwa, na huacha michubuko, lakini mtu anaweza kutoka akiwa hai.

Kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ambazo Wakenya huziita sheria za Michuki kwa jina la John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilidai mikanda pamoja na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kifizikia, madai hayo yanakamilishana vizuri sana: kidhibiti hupunguza momenta itakayopaswa kuondolewa, na mkanda hurefusha muda wa kuiondoa.

Katika mgongano wenyewe, jumla ya momenta haibadiliki iwapo kani za nje, kama msuguano wa barabara, ni ndogo mno. Matatu hiyo ikienda mita 10 kwa sekunde na kugonga kwa nyuma gari dogo lililosimama kwenye taa, kisha yakanasana, yote mawili yatasonga kwa mita 7.5 kwa sekunde. Nishati mwendo, yaani nishati ambayo kitu kinayo kwa sababu kinasonga, kwa upande wake hupungua kutoka jouli (kipimo cha nishati) 150,000 hadi 112,500. Jouli 37,500 zilizopungua zimekunja mabati na kugeuka joto na kishindo.