Je, wajua kwa nini Wahehe wa Iringa, kwenye Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hawakuwa na wapanda farasi?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu mkononi: baridi. Aliyewahi kushuka basi Makambako alfajiri ya Juni, meno yakigongana, atanielewa.

Jibu hilo ni bovu. Farasi wa leo chimbuko lake ni nyika za kusini mwa Urusi, karibu na mito Volga na Don, alikofugwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Theluji ikifunika majani, huiparua kwa kwato akala kilicho chini. Baridi ya Makete kwake ni likizo. Nikasingizia milima, kumbe Ethiopia farasi wamejaa kwenye miinuko inayoipita Iringa. Nikasingizia malisho, lakini Kitulo ng'ombe wa maziwa wanashiba.

Kikwazo kiko chini ya mlima. Nyanda za Juu zimezungukwa na mapori yenye joto, na humo yumo mbung'o. Yeye ndiye asiyeiweza baridi! Ila farasi anayetoka pwani lazima apite kwake kwanza.

Mbung'o akiuma huacha vimelea kwenye damu, na vimelea hivyo vina ujanja wa ajabu. Chukulia kinga ya mwili ni mgambo wa soko aliyeambiwa amsake mwizi, yaani kimelea, mwenye koti jekundu. Siku kadhaa anajifunza sura ya koti, kisha anawakamata karibu wote. Lakini wachache walishabadili, wamevaa la kijani, na wanazaliana. Mgambo anaanza upya. Akilizoea la kijani, linakuja la bluu, na stoo ina mamia ya makoti. Ndiyo maana homa ya farasi hupanda, hushuka, hupanda tena, huku damu ikipungua, mpaka mgambo anachoka.

Usubi nao hueneza virusi vinavyoweza kuua farasi ndani ya siku chache. Kwa vifo vya zamani ni vigumu kutenganisha muuaji yupi alitangulia. Mwaka 1916 Waingereza walileta vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, na farasi wakafa kwa maelfu.

Punda, mwenyeji wa Afrika, huvumilia zaidi, ingawa naye huugua. Basi haishangazi kwamba Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani aliyeuawa na Wahehe pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, anasimuliwa kuwa alikuwa juu ya punda.