Kabla ulipe dipoziti ya nyumba mpya, itisha cheti cha okupesheni

Malalamiko ya wapangaji waliohamia majengo mapya hapa Nairobi yamezidi kutufikia ofisini na karibu yote yanafanana, mtu ameona apatimenti Kilimani ama Kasarani, rangi bado inanuka, ameambiwa zimebaki mbili tu, akatuma dipoziti na rent ya mwezi wa kwanza kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, alafu ndio anaanza kuuliza maswali. Tunaomba maswali yatangulie pesa.

La kwanza ni cheti cha okupesheni, ile karatasi ya kaunti inayoonyesha jengo limekaguliwa na watu wanaruhusiwa kuishi ndani. Hapa watu wanachanganya sana. Ule ubao wa NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, uliokuwa kwa geti wakati wa mjengo unaonyesha mradi ulisajiliwa, basi. Plani kupitishwa pia sio okupesheni, mtu anaweza kupitishiwa orofa 6 akajenga 8, na hizo mbili za juu ndizo unapangishwa wewe. Na tafadhali tuachane na maneno ya "lakini watu washahamia". Lile jengo la Huruma lililoanguka Aprili 2016 lilikuwa limejaa wapangaji, na lilikuwa limeshaorodheshwa kubomolewa. Anayejenga bila kibali, sheria ya mipango ya 2019 inampa faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi 2 au vyote viwili, lakini hiyo adhabu ni yake, haikurudishii dipoziti.

Ukienda kuangalia nyumba usiishie kwa vigae na kabati za jikoni. Panda ngazi mpaka juu kabisa, ukikuta shimo la lifti limezibwa na plaiwudi na nondo zimeachwa wima, ujue bado wanajenga. Fungua mfereji wa hapo juu uone presha. Uliza kama maji ni ya kisima pekee maana visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, na kama tokeni za stima utanunua kwa mita yako ama jengo zima bado liko kwa mita ya mjenzi.

Mkataba uandikwe, na upigwe stempu, yaani ulipiwe ushuru wa serikali, hatua ambayo wengi mnairuka. Una siku 30 tangu kusaini. Unaingia iTax, mtandao wa ushuru wa KRA, na PIN yako, unachagua ushuru wa stempu, unatoa slipu, unalipa, alafu mkataba unapigwa muhuri. Mkataba usiozidi miaka 3 ni asilimia 1 ya rent ya mwaka, ukizidi 3 ni asilimia 2. Kwa hivyo rent ya 60,000 kwa mwezi ni 720,000 kwa mwaka, stempu ni 7,200. Usipoilipa, siku ya kesi korti haiupokei huo mkataba kama ushahidi mpaka ulipe pamoja na penalti.

Alafu hii ya mahali pa kupeleka kesi tumeieleza mara nyingi na bado watu wanapanga foleni mahali sipo. Traibunali ya kodi za nyumba inasikiza nyumba za rent isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kuna traibunali nyingine, lakini hiyo ni ya maduka na mahoteli. Apatimenti yako haiko kwa yoyote kati ya hizo mbili! Ukishikiliwa dipoziti, kuna Korti ya Madai Madogo, inasikiza madai ya mpaka shilingi milioni 1, kesi inafaa kuamuliwa ndani ya siku 60 na si lazima uwe na wakili. Beba risiti, mkataba na picha za nyumba ulizopiga siku ya kuingia. Bila hizo inakuwa ngumu sana kukusaidia, na inatuuma kumwona mtu akipoteza akiba yake hivyo.

Kwa ambaye ashalipa na cheti hajaonyeshwa, mwandikie landlodi ukiitisha, hata kwa meseji, uweke nakala. Usikatae kulipa rent kwa hasira kwa sababu sheria inamruhusu kutuma dalali mwenye leseni kushika vitu vyako. Ila usilipe miezi ya mbele, hata akikupunguzia bei.