Anayeikopesha Serikali yuko Ngarenaro

Kila Juni, Waziri wa Fedha akimaliza kusoma bajeti Dodoma, kijiwe chetu cha kahawa karibu na Soko la Kilombero hapa Arusha kinachemka. Tunabishana mpaka birika linakauka. Mengi yanayosemwa si kweli, na ubaya wake ni kwamba watu wanakasirikia lisilokuwepo huku linalowaumiza likiwapita.

"Nakisi ndiyo deni la Taifa." Hapana. Nakisi ni pengo la mwaka mmoja wa fedha, Julai 1 hadi Juni 30, pale matumizi yanapozidi mapato. Deni ni mikopo ya miaka yote ambayo bado haijalipwa. Ndiyo maana nakisi inaweza kupungua mwaka huu na deni likaendelea kukua. Hata Itifaki ya Umoja wa Fedha ya Afrika Mashariki, iliyosainiwa Kampala mwaka 2013, imeyatenganisha: nakisi isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 50 ya pato hilo kwa thamani ya sasa, yaani malipo ya miaka ijayo yakipimwa kwa thamani ya leo.

"Si wachapishe noti tu?" Benki Kuu huikopesha Serikali kwa muda mfupi, na kwa kiwango kilichofungwa na sheria. Noti zikiongezeka na mahindi yakabaki yale yale, kinachopanda ni bei ya debe.

"Jiji likiishiwa linakwenda kukopa benki." Halmashauri haijikopei inavyotaka, lazima Serikali Kuu iridhie. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, ule wa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliombwa na Serikali Kuu na Serikali Kuu ndiyo inayodaiwa.

Sasa njoo kwenye hili ninalolisikia kuliko yote: "Wanaotudai ni Wazungu na Wachina." Sehemu kubwa ya deni ni ya nje, hilo kweli. Lakini tazama bajeti ya 2024/25. Ilikuwa shilingi trilioni 49.35, na mapato ya ndani yalikadiriwa trilioni 34.61. Katika kuziba pengo, Serikali ilipanga kukopa ndani ya nchi trilioni 6.62, na kati ya hizo trilioni 4.02 zilikuwa za kulipia hatifungani na dhamana zilizoiva, zile hati ambazo Serikali huziuza ili ikope, na muda wa kuzilipa umefika. Yaani zaidi ya nusu ya mkopo wa ndani ilikwenda kulipa mkopo wa jana. Hapo ndipo ningependa kijiwe kipige kelele.

Na huyo mkopeshaji wa ndani ni nani? Wakubwa ni benki za biashara na mifuko ya hifadhi ya jamii. Mwalimu wa hapa mtaa wa Sakina anayekatwa mchango wa pensheni kila mwezi, fedha yake ni sehemu ya deni hilo. Hatifungani hata mtu binafsi anaweza kununua, kuanzia shilingi milioni 1.

Wapo pia wanaoikopesha Serikali bila kuulizwa. Watu husema, "Hela ikipungua itakopwa, kazi zitaendelea." Bajeti ni makadirio. Makusanyo yasipofika, au mkopo ukichelewa, fedha haitoki Hazina kama ilivyopangwa, na wa kwanza kusubiri ni mkandarasi na mzabuni. Deni la namna hii hulioni kwenye mnada wowote wa Benki Kuu, kule hatifungani zinakouzwa.

Mke wa kaka yangu, wa Ngarenaro hapa hapa Arusha, alikuwa anapeleka maharage na unga kwenye shule moja ya bweni ya serikali. Ana daftari la jalada gumu: tarehe, kilo, sahihi ya mpokeaji, na safu ya mwisho aliyoichora mwenyewe kwa rula, "imelipwa". Nilikaa naye jikoni tukihesabu. Mihula miwili safu ile ilikuwa tupu. Kila alipokwenda kuulizia aliambiwa fedha haijaingia, na aliyemjibu hakuwa anadanganya.

Mtaji wa gunia la kwanza ulikuwa wake. Yaliyofuata aliyanunua kwa mkopo wa kikoba. Serikali haimlipi riba kwa miezi anayosubiri, lakini kila Jumamosi anapeleka rejesho la kikoba pamoja na riba yake, kwa maharage ambayo watoto walishayala zamani.